Ubongo wa Samaki Kumi na Wawili

Mtu mmoja alifungwa katika gereza la Buluo kwa sababu ya ubongo wa samaki kumi na wawili, kila mmoja hauzidi ukubwa wa punje ya haragwe, na aliyewapasua vichwa samaki hao ni mimi. Niliwapasua kwa makasi ya maabara, siku ya Ijumaa, saa nane mchana, kwa sababu niliamini kwamba ninamtoa mtu huyo kizuizini. Wazo la kuwapima lilikuwa langu. Hakuna aliyenituma.

Mwezi uliopita nilirudi Likasi kumzika Kabeya, aliyekuwa mkuu wangu wa maabara katika kiwanda cha kampuni ya serikali. Chini ya turubai la msiba, mwanamke mzee sana alinijia taratibu, akanishika mkono na asiuachilie. Nilimtambua kwa sauti kabla sijamtambua kwa uso. Alikuwa Mama Chola, mke wa mtu ninayemzungumzia. “Kapinga, mwana yangu,” alisema, “weye njo ulijaribuka kumusaidia. Bengine bote balikimbia. Mungu anaona.” Wanawake waliokaa karibu walitikisa vichwa na kunitazama kwa heshima. Mtu alipita na sinia la chai, nikachukua kikombe ili nipate pa kutazama. Nimekuwa na miaka zaidi ya arobaini ya kutafuta jibu, na lilipohitajika nilikunywa chai.

Nilikotoka hakuhusiki hapa. Itoshe kusema kwamba katikati ya miaka ya sabini nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, mwenye cheti cha kemia na sanduku moja la bati, na kwamba nilipanga chumba nyumbani kwa Mwansa na mkewe, Mama Chola, katika mtaa ambao watu wa kiwandani waliishi pamoja na wachuuzi na makarani. Serikali ilikuwa imepiga marufuku majina ya ubatizo, na tai pia. Kazini tuliitana Citoyen na Citoyenne, yaani raia, na jioni tukirudi nyumbani tuliitana Baba na Mama kama kawaida. Chumba changu kilikuwa na sakafu ya saruji iliyopasuka katikati, dirisha moja lenye wavu, na ukuta mwembamba wa matofali uliokitenga na chumba chao. Ukuta ule haukufika juu kwenye bati. Nilijua nani anakohoa, nani amekasirika, na nani anajifanya amelala.

Mwansa alikuwa amefanya kazi kwenye matangi ya asidi hadi kifua kikamshinda. Tangu hapo alitega samaki kwa migono ya kusuka kwenye bwawa lililo nje ya mji, na Mama Chola aliuza samaki sokoni. Jioni alikaa kando ya mbabula, lile jiko la bati, makaa yakiwa mekundu, akinisubiri nirudi ili anichokoze kwa jina la kwetu. “Mukasai wetu amefika! Banakulipa juu ya kunusa asidi, ao juu ya kuandika?” Nilimjibu kwamba ni kwa yote mawili. “Basi nusa pole pole, mwezi ingali murefu.” Tulikula bukari, ndio ugali, na mboga za lengalenga, na kukiwa na samaki, Mama Chola alinipa mimi kichwa cha kambale, kwa sababu alisema msichana anayesoma anahitaji akili ya ziada. Nilikuwa nikivunja vichwa vile kwa vidole na kunyonya ubongo bila kuufikiria.

Mwaka ule mvua zilichelewa. Bwawa lilipungua hadi matope yakaonekana, na migono ikatoka mitupu wiki baada ya wiki. Jioni moja, nikiwa nimelala na kitabu kifuani, nilimsikia Mwansa upande wa pili wa ukuta: “Mara moya tu, Mama Chola. Moya tu, kisha naacha.” Mkewe akamjibu: “Apana. Mi minasema apana.” Kisha nikasikia kijiko kikikwaruza sufuria, na hakuna zaidi. Sikujua wanazungumzia nini. Ingeweza kuwa pombe, au kamari, au safari ya kwenda Kakanda kutafuta kibarua. Nimeandika maneno yale hapa kama nilivyoyasikia, wala siongezi.

Siku nne baadaye samaki walielea. Waliokwenda kuchota maji asubuhi waliwakuta wametanda ukingoni kama majani, matumbo juu, midomo wazi. Maji ya bwawa lile yalikuwa yakinywewa na watu, na hapo ndipo jambo la samaki lilipogeuka kuwa jambo la siasa. Kabla ya saa sita mchana neno “sabotage”, yaani hujuma, lilikuwa limeshatamkwa ofisini kwa chama, na neno hilo, likishatamkwa wakati ule, lilitafuta mtu wa kumkalia. Askari walifika nyumbani kwetu, kwa kuwa Mwansa alijulikana kwa kutega pale, na adjudant, mkubwa wao, mbele. Chini ya kitanda cha Mwansa walikuta chupa ya lita moja, yenye nembo ya dawa ya kunyunyizia pamba, imebaki robo.

“Hii ni nini?”

“Ni dawa ya kunguni, mon adjudant. Shemeji alinipatiaka.”

“Kunguni gani inakunywaka litre muzima?”

Majirani waliokusanyika uani walicheka, kwa mazoea tu, kwa sababu mkubwa alikuwa ametania. Kisha walimwona Mwansa akifungwa mikono kwa kamba, wakaacha. Mama Chola hakulia. Aliingia ndani, akatoka na koti la mumewe, akalitupia mabegani mwake, na kwa kuwa mikono ilikuwa imefungwa, koti lilianguka kila alipopiga hatua tatu. Alilifuata na kulirudisha, likaanguka tena, hadi kwenye gari.

Sasa lazima nieleze kitu ambacho Kabeya alinieleza mimi. Kabla ya kuletwa kupima asidi na shaba, alikuwa amesoma chuo kikuu Lubumbashi, na miaka yake miwili ya mwisho aliitumia juu ya kitu kimoja: kimeng'enya kilicho katika ubongo wa samaki. Alikizungumzia kama watu wengine wanavyozungumzia timu ya mpira. “Citoyenne,” aliwahi kuniambia tukisubiri maji yachemke, “muntu anabisha hodi ku mulango. Unafungula, unasikia yenye alikuya kusema. Kisha lazima atoke pale. Kama hatoke, anabisha, anabisha, anabisha, nyumba yote inakuwa wazimu.” Anayebisha ni kemikali ndogo ambayo neva hutumia kupelekeana habari. Anayemwondoa mlangoni ni kimeng'enya, ambacho huivunja kemikali ile mara tu baada ya kazi yake. Alikiita kwa Kifaransa, la cholinestérase, kwa sauti ya mtu anayetaja jina la mchumba. Dawa za aina ya ile ya pamba hukiua kimeng'enya hicho. Kubisha hakuishi, misuli hutetemeka bila kupumzika, na samaki hufa kwa kuchoka kupumua. Lakini samaki akifa kwa buba, yale majani ya kutwanga ambayo watu waliyatumia kulevya samaki tangu zamani, au akifa kwa maji mabaya, kimeng'enya chake hubaki kizima kichwani.

Ndiyo maana asubuhi iliyofuata kukamatwa kwa Mwansa, nilisimama mbele ya meza ya Kabeya kabla hajavua kofia. Chupa za dawa yake ya kupimia, ya tangu chuo, zilikuwa bado nyuma ya asidi, nilizijua. Nilimwambia tupime samaki wale.

“Nani alituomba?”

“Hakuna muntu, Chef.”

“Unaona? Karatasi yenye hakuna muntu aliomba, iko na miguu. Itaenda kwenye haujue.”

Nilimsihi. Nilimwambia yule mzee ananipa chakula, mkewe ananiita mwana. Nilimwambia kuua samaki kwa buba ni faini, lakini sabotage ni kitu ambacho mtu harudi nacho nyumbani. Kabeya alikubali, na nadhani kilichomshinda si huruma peke yake. Miaka mingapi alikuwa akisubiri mtu amwombe apime kitu kile? Alikwenda mwenyewe kwa adjudant, na adjudant alifurahi, kwa maana na yeye alihitaji karatasi. Ijumaa mchana askari alileta ndoo yenye samaki kumi na wawili. Niliwapasua, nikautoa ubongo wa kila mmoja kwa kibano, nikaupanga katika sahani za kioo, nikazifunika kwa karatasi ya kuchujia iliyoloweshwa, nikaziweka kwenye friji. Tungepima Jumatatu, tukishapata samaki wazima wa kulinganisha kutoka bwawa la mapadri.

Jumamosi ilikuwa siku ya watu wa usafi, tuliowaita ba-hygiène. Mara moja kwa mwezi walipita nyumba za kambi na majengo ya kiwanda, bomba mgongoni, kuua mende na mbu, na kila mtu wa Likasi wa wakati ule anajua taratibu zake bila kufikiri: fungua milango yote, fungua makabati yote, toa nje kila kinacholiwa, kaa uani kwa muda wa saa mbili. Sisi wa maabara tulipewa maziwa na kampuni, kwa imani kwamba yanafukuza sumu kifuani, na maziwa yale yalikaa kwenye friji hiyo hiyo. Mpigaji bomba alikuwa mtu wa mzaha. “Citoyenne, toa maziwa! Mende bananenepa kuliko shiye!” Nilitoa maziwa. Nilitoa mkate wa Kabeya, sukari, vikombe, na nusu ya embe. Niliacha mlango wa friji wazi kama ilivyotakiwa, kwa sababu mende hupenda joto la mota yake. Nilipanga kila kitu barazani juu ya gazeti, kwa mstari, nikaridhika. Kinacholiwa kilikuwa nje. Ubongo ule haukuwa chakula.

Jumatatu tulipima. Unausaga ubongo ndani ya kinu kidogo kilichokaa kwenye barafu, unauchanganya na maji ya chumvi maalumu, unatia dawa, unangoja. Kimeng'enya kikiwa kizima, maji hugeuka manjano, kwanza kama mkojo wa mtoto, halafu kama kiini cha yai. Samaki wa mapadri waligeuka manjano haraka kiasi kwamba Kabeya alicheka kwa sauti. Kisha tukatia wa bwawa. Tulingoja dakika tano, tukangoja kumi. Maji yalibaki kama yale ya kuoshea mchele.

“Rudia,” alisema.

Nilirudia. Alirudia yeye. Tuliweka mirija kwenye kolorimeta, mashine ya kusoma rangi, ile ile tuliyopimia shaba, na mshale haukuinuka hata unene wa wino. Nilimwambia tuseme tumeharibu.

“Tumeharibu nini? Nionyeshe.”

Nilipitia kila hatua kichwani, kuanzia makasi hadi barafu, na kila hatua ilikuwa safi. Kabeya aliandika mistari sita kwa Kifaransa, kwamba samaki waliuawa na dawa ya aina ile, akatia sahihi, karani akapiga muhuri. Siku ya pili Mwansa alitolewa mahabusu ya mjini akapelekwa Buluo.

Jioni ile Mama Chola alikuwa amepika mapema. Nilipoingia alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. “Karatasi inasema nini?” Nilimjibu: “Bado, Mama.” Akasema: “Kula, basi. Weye unakonda sawa njo bamekufunga weye.” Nilimeza bukari kwa maji, nikala tena ili asiulize. Nilikaa katika nyumba ile wiki nyingi namna hiyo. Kila Jumapili, baada ya misa ya kwanza, alifunga sufuria kwa kitambaa, akapanda taksi-bisi kwenda Buluo, kwa sababu mfungwa asiye na mtu wa kumletea hula kidogo sana. Hakuruhusiwa kumwona. Aliacha sufuria langoni na kuchukua ile ya Jumapili iliyopita. Kila aliporudi aliniambia jambo moja tu: “Anakula.” Usiku kwa upande wa pili wa ukuta sikusikia tena chochote, hata kukohoa.

Mwezi mmoja baadaye ba-hygiène walirudi. Yule mpigaji bomba aliweka pipa lake dogo mlangoni akaenda kuomba maji, nami nikasoma maandishi ya pipa, kwa sababu mimi husoma kila kitu. Jina la dawa lilikuwa refu, na lilikuwa la ukoo ule ule wa dawa iliyokuwa katika chupa ya Mwansa. Nilikaa chini barazani, kati ya maziwa na mkate. Nilikumbuka mlango wa friji ukiwa wazi. Nilikumbuka karatasi zilizoloweshwa, ambazo zingekunywa chochote kilichokuwa hewani.

Nilimwambia Kabeya kila kitu, nikidhani atanipiga. Hakunipiga. Alikwenda akafungua friji, akaifunga, akaifungua. “Nani mwingine anajua?” Hakuna. “Basi sikiliza. Nikienda sasa, nitasema nini? Ya kwamba labda? Kwa bale bantu, labda haiko neno.” Aliamua tungoje mwezi mmoja mwingine, tuweke samaki wazima wa mapadri mahali pale pale, kwa karatasi zile zile, siku ya kupiga bomba, halafu tupime. Ndivyo kazi inavyofanywa, na sikuwa na hoja dhidi yake. Lakini nilihesabu Jumapili.

Tulifanya hivyo. Jumamosi ya bomba nilitoa maziwa na kuacha ubongo. Jumatatu tuliusaga. Rangi ilikuja, manjano dhaifu, ikasimama katikati ya njia. Kolorimeta ilionyesha nusu. Samaki wa bwawa walikuwa hawajaonyesha chochote, na hawa walionyesha nusu. Pengine siku ile ya kwanza mtu wa bomba alipiga zaidi, pengine karibu na friji, pengine pipa lilikuwa jipya. Au pengine bomba lilichukua nusu, na nusu nyingine ilikuwa imeshachukuliwa bwawani kabla samaki hawajafika kwetu. Nilifikiria sauti niliyoisikia nyuma ya ukuta: mara moya tu. Kabeya aliuosha mrija kwa muda mrefu. “Nusu,” alisema. “Hii haimufunge muntu, na haimufungule.”

Hata hivyo aliandika. Nataka hilo lijulikane, kwa kuwa msibani walisifu mambo mengine. Aliandika kwamba matokeo ya kwanza hayawezi kutegemewa, kwamba kosa ni la maabara yake, akatia sahihi peke yake na kukataa jina langu liwepo chini. Kabla ya mwaka kuisha walimhamishia Kakanda, kwenye chumba cha kupima mchanga, na hakurudishwa tena kwenye jengo kubwa.

Jumapili baada ya barua hiyo kuandikwa, tulikwenda Buluo watatu: Kabeya na koti lake la kazi, Mama Chola na sufuria, mimi na bahasha. Nilikuwa nimemwambia Mama Chola kwamba tuna barua ya kumtoa. Sikumwambia barua inasahihisha nini. Mlinzi alipokea sufuria, akatoa ile ya wiki iliyopita. Kabeya aliomba kumwona karani, na kwa kuwa alizungumza Kifaransa cha chuo, karani alitoka. Alifungua daftari juu ya meza iliyokuwa nje, akashuka na kidole chake ukurasa mmoja, akageuza, akashuka tena.

“Huyu haiko.”

“Haiko namna gani?” aliuliza Kabeya.

“Alitokaka. Na camion, lori. Sasa ni wiki tatu.”

“Kuenda wapi?”

Karani aligeuza daftari ili tuone. Jina la Mwansa lilikuwa limepigwa mstari wa penseli. Kwenye safu ya mahali alipopelekwa, majina yaliyo juu yake na chini yake yalikuwa na neno. La kwake halikuwa na kitu.

“Lakini chakula,” nilisema. “Jumapili tatu hizi chakula kilipokelewa.”

Karani alimtazama mlinzi, mlinzi akatazama barabara. Hapo Mama Chola aliigeuza sufuria aliyorudishiwa. Sufuria za mbabula huwa nyeusi kwa nje, na watu huosha ndani tu. Ile ilikuwa imesuguliwa kwa mchanga hadi alumini ikang'aa, chini na pembeni.

“Angalieni huku,” alisema. “Ni Mwansa tu anasuguaka huku. Muntu mwingine hawezi kusumbuka.” Aliitazama tena, akaikumbatia. “Ile buku yenu inajidanganya. Bwana yangu iko humu ndani.”

Karani alifunga daftari. Kabeya aliacha barua mezani, na karani akaweka jiwe juu yake ili upepo usiichukue. Sikuwahi kusikia kwamba ilifunguliwa. Jumapili iliyofuata Mama Chola alipika, akafunga kitambaa, akapanda taksi-bisi. Nilikwenda naye. Mlinzi alipokea sufuria kama kawaida, akaingia nayo ndani, na Mama Chola akabaki langoni kungoja ile ya Jumapili iliyopita, ili aitazame chini.